Websaiti ipo, wateja hawapo: tatizo liko wapi?

Haipiti wiki bila mtu kunipigia, "kaka, ile websaiti uliyonitengenezea ni mbovu". Nipo hapa Arusha, wateja wangu wengi ni kampuni ndogo za utalii, lodge mbili tatu za upande wa Moshi na Marangu, dada wa keki Njiro, fundi friji wa Sakina, watu wa namna hiyo, na nikikaa kuzihesabu hizo simu nyingi websaiti yenyewe inakuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni domeini, yaani ile anwani ya websaiti, au namba ya simu imekosewa tarakimu moja, au kila kitu kipo sawa ila hakuna binadamu anayejua kama hiyo websaiti ipo. Kwa hiyo kabla hujaanza kumlipa mtu, tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako. Zisizokuhusu ruka.

Ila hiki usikiruke: jipime kama mteja. Laptopu ya ofisini inakudanganya, imeshahifadhi picha zote, imeshakuzoea, hata Google ya hapo inaweza kukupandisha juu kwa sababu kila siku unajitafuta mwenyewe. Tafuta simu ya bei ya kawaida, ya mtu mwingine ikiwezekana, zima waifai, washa data, fungua brauza kwa incognito (ile hali isiyokumbuka ulikopita), andika anwani kwa mkono herufi kwa herufi, halafu jifanye una shida na kitu na huyo mwenye duka humjui. Mi nina kasimu kamoja ka zamani, kioo kimepasuka, kamera yenyewe haifanyi kazi, watu wananicheka ila sikauzi, ndo kipimo changu.

HAIFUNGUKI KABISA

Soma kilichoandikwa kwenye kioo. Najua unaona ni Kizungu kingi tu lakini hayo maneno ndo yanayokwambia pa kwenda, kwa hiyo piga skrinishoti kwanza, simu baadaye.

Kama brauza inasema haiipati anwani, "This site can't be reached" na chini kuna neno DNS, hapo shida iko kwenye domeini. Websaiti yako inaweza kuwa imekaa salama kabisa kwenye seva, ile kompyuta inayoitunza. Sababu ya kwanza ni kwamba hukulipa. Domeini hainunuliwi moja kwa moja, unapanga kwa mwaka kama fremu, kodi ikipita mwenye nyumba anapiga kufuli hata kama mali zako zote ziko ndani. Ingia kwenye whois, ukurasa wa kuangalia taarifa za domeini, andika domeini yako, angalia tarehe ya kuisha. Kwa .com, wakala wengi (wale wanaokusajilia domeini) wanakupa siku kadhaa za kulipia kwa bei ya kawaida, zikipita inaingia kwenye siku 30 ambazo kuikomboa kuna faini ya maana, afu siku 5 za mwisho ambazo hata ukiwa na hela huwezi kufanya lolote, afu inaachiwa na yeyote anaichukua. Na wapo watu kazi yao ni kuvizia hizo. Ya .co.tz ina taratibu zake, mpigie wakala uliyemlipa leo hii, usingoje Jumatatu.

Hapo hapo niseme, ukipata imeili inayosema domeini yako inaisha, lipa dola kadhaa bonyeza hapa, na jina la aliyeituma sio la wakala wako, huyo ni tapeli. Wanachukua majina kwenye orodha za wazi na kumtumia kila mtu.

Sababu ya pili, umehamisha hostingi, yaani kampuni inayokutunzia websaiti, jana au juzi. Ukibadilisha nemuseva (zile zinazoielekeza domeini ilipo websaiti) inachukua dakika chache au mpaka saa 48 ndo dunia nzima ione, ndo maana wewe unaiona na mteja wa Ujerumani haioni, au laini hii inafungua na laini ile inagoma. Dawa ni kusubiri. Kuna kaka mmoja alibadilisha mara nne ndani ya siku moja kwa sababu "bado haijafunguka", kila akibadilisha anaanza kuhesabu upya, tukamaliza Ijumaa kitu ambacho kingeisha Jumatano.

Sasa kama domeini inafika lakini unapata ujumbe wa hitilafu:

500 au ukurasa mweupe mtupu, kwa WordPress, programu inayoendesha websaiti nyingi, mara nyingi ni plagini (programu ndogo ya nyongeza) uliyoiapdeti au themu (muonekano). Ingia cPanel, yaani paneli ya kuongozea hostingi yako, File Manager, folda ya wp-content, ndani kuna folda inaitwa plugins, ibadilishe jina iwe plugins-zima. Ikifunguka basi mchawi yuko humo, ingia kwenye dashibodi ufungue orodha ya plagini ili zote zijizime, rudisha jina la folda, washa moja moja mpaka ajitaje mwenyewe.

"Error establishing a database connection", websaiti imeshindwa kuongea na databesi, ghala la maandishi yake. Kama umetoka kuhama, jina au paswedi iliyo kwenye faili la wp-config.php haifanani na ya databesi mpya. Kama hujahama wala hujagusa kitu, wapigie wa hostingi, ni kwao huko.

508 umezidi kiwango ulicholipia. "Account suspended" ni bili, au wamekuta virusi kwako.

Na kuna moja watu hawaitegemei kabisa, diski imejaa. Kwenye hostingi za bei rahisi imeili na websaiti vinakaa chumba kimoja. Mwenye ofisi hajawahi kufuta imeili tangu afungue kampuni, vocha za wageni, skani za pasipoti, picha za harusi, siku moja chumba kinajaa na websaiti inaanza kuweweseka. Angalia cPanel pembeni pale, Disk Usage, ikiwa nyekundu umeshapata jibu.

FUNDI ALIYEITENGENEZA HAPOKEI SIMU

Hii ndo inayoniuma kuliko zote kwa sababu fundi huyo anaweza kuwa mimi siku nikianguka. Chalii alitengeneza websaiti 2019, akasajili domeini kwa imeili yake, hostingi kwa jina lake, akahamia Dodoma kikazi, na biashara yako yote mtandaoni iko mfukoni kwake. Hana nia mbaya, kabadilisha namba tu.

Anza na risiti. Tafuta kwenye imeili na kwenye meseji za malipo, ulimlipa nani na lini, humo utapata jina la wakala wa domeini. Angalia whois, wakala ataonekana hata kama jina la mwenye domeini limefichwa. Mwandikie wakala ukiwa na cheti chako cha usajili wa biashara cha BRELA, leseni ya biashara, risiti, eleza kwa utulivu. Jina la kampuni likiwa ndo lililoandikwa kama mmiliki una nguvu kubwa sana, likiwa jina la fundi, inabidi umtafute fundi, tena kwa upole, pitia kwa ndugu zake, pitia kanisani kwake, usianze na vitisho maana paswedi bado anazo yeye.

Ukimpata omba vitu hivi na usiridhike na kimoja: akaunti ya wakala wa domeini, akaunti ya hostingi, admini wa WordPress, na umiliki wa akaunti za Google, yaani Search Console (inayokuonyesha Google inavyoiona websaiti yako) na ile ya kwenye ramani. Kwa .com ukitaka kuhama wakala utahitaji namba ya siri ya kuhamishia, wanaiita auth code, na ujue kama domeini imesajiliwa au imehamishwa karibuni inaweza kufungiwa siku 60. Kila akaunti weka imeili yako, namba yako.

INAANDIKA HAIKO SALAMA

Hili ni dogo. Chrome ilianza kuandika "Not secure" kwa kila websaiti ya http mwezi Julai 2018, na mteja akiliona hilo neno hajui maana yake ila anakimbia. Kinachokosekana ni cheti cha SSL kinacholinda mawasiliano, nacho ni bure, Let's Encrypt wanatoa, kinaishi siku 90 na hostingi nyingi zinakiongeza zenyewe. Kwenye cPanel tafuta SSL/TLS Status, bonyeza Run AutoSSL, subiri kidogo. Jaribu anwani yenye www na isiyo na www, mara nyingi moja ina cheti nyingine haina. Cheti kikiwepo na bado inalalamika, kuna picha humo ndani bado zinaitwa kwa http ya zamani. Na kama ni simu moja tu inayokataa wakati zingine zote zinakubali, angalia tarehe ya hiyo simu, ikiwa inasema mwaka 2015 haitakubali cheti cha mtu yeyote.

INAFUNGUKA KAMA INAPANDA MLIMA

Mwenye lodge mmoja wa Marangu alinibishia sana kwamba websaiti yake ina kasi. Tukakutana Moshi, soko la Mbuyuni, alikuwa amekuja kuchukua ndizi na parachichi za wageni, nikatoa kasimu kangu nikamwambia haya, tufungue hapa hapa. Tukasimama. Kikaanza kuzunguka. Kikazunguka mpaka mama muuza ndizi akainama kuangalia akauliza "mbona kinazunguka tu hicho?". Mwishowe ile picha kubwa ya mlima ikaanza kushuka mstari kwa mstari, mawingu kwanza, halafu theluji, ikafika kwenye theluji ikasimama. Tuliiacha hapo hapo kwenye theluji, ndizi zikapakiwa.

Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha 22, zote zimetoka kwenye simu kama zilivyo, MB 4 moja, nyingine 5. Zidisha mwenyewe, ni karibu MB 100 kufungua ukurasa mmoja, mtu mwenye bando la GB 1 umemmalizia moja ya kumi hata hajaona bei ya chumba.

Kioo cha simu hakihitaji picha ya ukubwa huo. Punguza upana uwe pikseli 1600 kwa picha kubwa, 800 kwa zile ndogo, zihifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), kila moja ishuke chini ya KB 200. Squoosh ya Google inafanya hiyo kazi bure ndani ya brauza, huhitaji kuinstoli chochote. Kosa la kawaida ni kuipunguza picha kwa kuivuta kona ndani ya WordPress, ile inaonekana ndogo lakini faili linalopakuliwa linaweza kuwa ni lile lile jitu.

Baada ya picha ndo uangalie mengine, slaida ya picha sita inayojizungusha na ambayo hakuna mtu anaisubiri ifike ya pili, video inayojiwasha yenyewe, plagini 35 wakati unazotumia ni nane. Pima kwa PageSpeed Insights, soma upande wa simu sio wa kompyuta, kuna kipimo kinaitwa LCP, kinataka kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Usihangaike kupata mia kwa mia, hakuna mgeni anayekuja Arusha kwa sababu ya alama za PageSpeed. Na kama umeshapunguza kila kitu na bado, basi ni hostingi, hapo hamna ujanja ila kuhama.

GOOGLE HAINIONI

Hapa ndo pana maneno mengi na matapeli wengi pia, kwa hiyo twende taratibu.

Andika kwenye Google site: halafu domeini yako, bila kuacha nafasi. Kama hakuna hata ukurasa mmoja, Google hajaingia ndani kwako. Sababu ninayoikuta sana ni ya aibu: fundi wakati anajenga aliweka tiki kwenye "Discourage search engines from indexing this site", ipo Settings halafu Reading, akamaliza kazi, akalipwa, akasahau kuitoa. Websaiti ya kampuni moja ya safari ilikaa miezi saba hivyo hivyo huku wanalipa mtu wa "SEO", kazi ya kukupandisha juu kwenye Google, kila mwezi, na huyo mtu wa SEO hakuwahi kuangalia. Toa tiki. Fungua Google Search Console, thibitisha umiliki, peleka sitemap (orodha ya kurasa zako), weka anwani ya ukurasa wa mbele kwenye URL Inspection na uombe iingizwe. Inachukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Mtu akikwambia ana mtu ndani ya Google au kuna ada ya mwaka ya kuonekana, mkatie simu, Google hapokei hela kwenye matokeo ya kawaida, hela ni kwenye matangazo tu.

Kama kurasa zipo lakini huonekani ukisechi, rudi Search Console, sehemu ya Performance. Kuna namba mbili za kuangalia, mara ngapi umeonyeshwa na mara ngapi umebonyezwa. Mi naisoma hivi. Hujaonyeshwa kabisa, maana yake maneno wanayoandika wateja hayapo kwako. Umeonyeshwa sana hujabonyezwa, ama uko ukurasa wa tatu ama kichwa chako cha habari hakivutii. Umebonyezwa sana na simu hailii, shida iko ndani ya ukurasa wako, ruka nenda sehemu ya mwisho.

Maneno ya wateja. Fundi friji wangu alikuwa ameandika "we provide innovative cooling solutions", sasa nani Sakina saa mbili usiku nyama inaharibika anaandika innovative? Anaandika "fundi friji Arusha". Tukaandika hivyo hivyo, fundi friji Arusha, friji haigandishi, kuchaji gesi, anafika Sakina, Ngaramtoni, Njiro, Kijenge. Dada wa keki naye, watu wanasechi "keki ya kipaimara", "keki ya send off", neno zuri la "celebration" halina mtu. Andika wanavyoongea, ikibidi changanya Kiswahili na Kiingereza kwa sababu na wao wanachanganya.

Watu wa utalii mna shida nyingine, majina yenu. Chukua maneno Kilimanjaro, Serengeti, Safari, Adventure, Trek, tikisa kwenye kofia, toa matatu, hiyo hapo kampuni, na mwenzako wa jengo la jirani ana hayo hayo kwa mpangilio mwingine. Mgeni aliyesifiwa kwenu na rafiki yake anagugo jina anaangukia kwa mwingine. Kama jina limeshasajiliwa basi lishikilie ila kila mahali uliandike kwa namna moja, sio hapa Tours, pale Tours and Safaris, kule Ltd.

Na usigombanie neno "Kilimanjaro climb", hapo kuna watu wamekaa miaka kumi na kitu na wana bajeti ya kweli. Jibu swali dogo ambalo mgeni anauliza usiku kitandani kwake. Mfano, Marangu ndo njia pekee yenye vibanda vya kulala, zingine zote ni hema, kwa hiyo kuna mtu mahali fulani anaandika "Kilimanjaro without camping", je una ukurasa unaomjibu huyo kwa kirefu, kibanda kikoje, choo kikoje, usiku baridi ikoje? Umepanda na wageni miaka yote hiyo, hayo unayajua kuliko aliyeko London anayeandika kwa kukopi.

Kichwa cha ukurasa: nusu ya websaiti ninazokuta, kichwa kinachoonekana kwenye Google ni "Home". Hiyo ni kama kubandika juu ya duka kibao kimeandikwa "Mlango". Na kama bei na huduma zako zote ziko ndani ya picha ya bango uliyotengenezewa na mtu wa grafiki, Google haisomi bango kama inavyosoma maandishi, yaandike.

RAMANI INAWAPELEKA KWINGINE

Kwa biashara ya mtaani ramani inaweza kuleta watu kuliko websaiti yenyewe, na ni bure. Kama ulikuwa na ile websaiti ya bure ya Google iliyoishia na business.site, hiyo imekufa, Google walizifunga Machi 2024, usiendelee kuichapa kwenye kadi za biashara. Wasifu wa kwenye ramani wenyewe bado upo.

Wasifu hauonekani, haujathibitishwa. Siku hizi mara nyingi wanataka video, uonyeshe barabara, kibao, ndani, na kitu kinachothibitisha kwamba we ni mhusika kama kufungua mlango kwa funguo. Rekodi mchana, bila kukata. Ulikuwepo halafu ukatoweka, angalia kama hujaongeza maneno kwenye jina, "Mama Fulani Cakes Best Cakes Arusha Njiro Cheap", hiyo ni kinyume cha sheria zao na wanafungia. Watu wanapotea njia, isogeze pini mwenyewe mpaka mlangoni, maana mitaa yetu anwani inaishia "karibu na Mnara wa Saa" na kompyuta haiijui karibu ni wapi. Na masaa, hasa Moshi mwezi wa Desemba, mji umejaa watu waliorudi nyumbani, kila mtu anatafuta kinyozi na saluni na mahali pa nyama, na ramani inasema umefunga kwa sababu uliweka hivyo wakati wa Pasaka.

MATANGAZO YANAKULA HELA TU

Kwa Facebook na Instagram, kile kitufe cha kubusti kinapenda kukuletea like, na like hailipi pango. Chagua lengo la meseji au la kwenda websaiti, chagua eneo, na usimpeleke mtu ukurasa wa mbele, mpeleke kwenye kile kitu kilichomo kwenye tangazo.

Kwa Google Ads fungua ripoti ya maneno waliyoandika watu kabla ya kubonyeza. Mara ya kwanza utalia. Mwenye kampuni ya kupandisha mlima anakuta amelipia watu waliotafuta urefu wa Kilimanjaro, wanafunzi wa shule wanafanya homuweki, wanataka ile 5,895 waandike wakalale. Wengine wanatafuta ajira za uongozaji. Yaweke hayo kwenye orodha ya maneno ya kukataa: height, facts, map, jobs, salary, internship. Halafu mipangilio ya eneo, kwa kawaida Google inaonyesha tangazo kwa watu walioko eneo hilo na pia walioonyesha tu kupendezwa nalo, sasa we unauza keki Njiro na anayebonyeza yuko Toronto anaota likizo. Badilisha iwe waliopo tu. Wa utalii fanya kinyume, chagua nchi wanazotoka wageni wako, uiondoe Tanzania.

IMEILI HAZIFIKI

Fomu ya websaiti inasema "asante tumepokea" na wewe hujapokea kitu. WordPress ikituma yenyewe kupitia seva bila kujitambulisha, Gmail inaitupa kwenye spamu au haiichukui kabisa, na tangu Februari 2024 Gmail wamekaza zaidi. Weka plagini ya SMTP ili fomu itume kupitia sanduku halisi la imeili, halafu hakikisha domeini yako ina rekodi za SPF na DKIM, na DMARC ukiweza, ndizo zinazothibitisha kwamba imeili imetoka kwako kweli, cPanel ina ukurasa wa Email Deliverability unaokuonyesha kipi hakipo. Pima kwa mail-tester, inakupa alama juu ya kumi. Mpaka uwe na uhakika, weka na namba ya WhatsApp pale chini ya fomu.

IMEANZA KUONYESHA KAMARI AU MAANDISHI YA KIJAPANI

Umeingiliwa. Mara nyingi mlango ni themu ya kulipia ambayo fundi aliipata "bure", au plagini ambayo haijaapdetiwa miaka. Ujanja wao ni kwamba wewe mwenyewe ukiandika anwani unaona kila kitu sawa, anayetoka Google ndo anarushwa kwenye kamari, kwa hiyo ingia kupitia Google, kwenye simu. Kama una bakapu ya kabla ya tatizo, rudisha, apdeti kila kitu siku hiyo hiyo, badilisha paswedi zote na za hostingi pia, futa maadmini usiowajua. Kama huna bakapu hiyo ni kazi ya kumlipa mtu anayejua, kufuta faili moja unaloliona hakusaidii, wanaacha jingine. Ukimaliza ingia Search Console sehemu ya Security issues uombe wakague upya.

WANAINGIA ILA HAWAPIGI SIMU

Rudi kwenye ile simu ya mtu mwingine. Jaribu kujipigia.

Namba imeandikwa ndani ya picha? Mteja hawezi kuigusa, na hatachukua kalamu. Linki ya WhatsApp imeandikwa wa.me/07 na kuendelea? Haifungui. Inatakiwa 255 halafu namba bila ile sifuri ya mbele, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Nimeikuta hii kwa watu wanne mwaka huu, wanne, na wote walikuwa wanalaumu msimu wa mvua.

Bei. Najua, "bei njoo inbox". Mi nimeshagombana na wateja kwa hili na sijashinda wote. Mnasema washindani wataona bei, washindani wanaijua bei yako toka zamani, wanaulizia kila wiki wakijifanya wageni. Anayefichwa ni mteja peke yake. Kama bei inabadilika weka "kuanzia", na kwa safari eleza ndani yake kuna nini, ada za hifadhi zimo au hazimo, wapagazi, usafiri kutoka uwanja wa ndege wa KIA, chakula, maana mgeni anafananisha bei yako na ya mwingine na hajui kwamba ile ya mwingine haina ada.

Halafu malipo, mteja wa nje hana M-Pesa, na mteja wa Majengo hataki kadi. Weka njia zote mbili na ujilipe shilingi elfu moja uone kama inapita mpaka mwisho.

Kuna mzee mmoja anakodisha magari ya harusi, tulikagua kila kitu kwenye orodha hii. Kasi nzuri, Google anaonekana, ramani iko mlangoni, linki ya WhatsApp inafunguka vizuri kabisa. Meseji zinaingia, tiki mbili, hazijibiwi. Nikamuuliza mzee hii laini iko wapi? Akajipapasa mifukoni, akaniangalia, akaita ndani. Laini ilikuwa kwenye simu ya binti yake, na binti amerudi chuo tangu mwezi wa kumi. Tukampigia tukiwa tumesimama pale pale kwenye geti, akasema "ah, baba, zipo nyingi, nilijua umeshawajibu".